Mti Ulioshiba Maji

Wawuda alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeinama chini ya cherehani kutafuta pini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada Wakio, mti umeanguka." Sikuuliza mti gani. Katika familia yetu mti ni mmoja tu, ile araukaria iliyosimama mbele ya nyumba ya Shangazi Mshai kule Voi. Nilichouliza, kwa sauti iliyowageuza wateja wangu wawili, ni, "Na wewe? Wewe uko salama? Uko wapi?" Wawuda akacheka. "Dada, si mimi ndiye nakupigia?" Nikakaa kwenye kiti nikijiona mpumbavu, mwanamke mwenye wajukuu, moyo unanidunda kwa sababu ya mti. Akanieleza kwamba upepo wa mvua ya jana ulikuwa umeung'oa na mizizi yake. Ulikuwa umelala uani, umekata kamba ya nguo na kuvunja paa la banda la kuku, lakini nyumba haukuigusa, na kuku wote walikuwa wazima. Shangazi, mama yake, hakuwepo; alikuwa amepanda milimani, Wundanyi, kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, na angeshuka kesho yake. "Sijui nitamwambia vipi," Wawuda akasema, na sasa hakuwa akicheka tena. "Tafadhali njoo. Mama akisikia haya kutoka kwa mtu mwingine, naogopa." Nikawaomba wateja radhi, nikafunga duka, nikapanda treni ya mchana. Siku hizi Mombasa hadi Voi ni safari ya kusinzia kidogo tu, lakini mimi sikusinzia. Nilikaa dirishani nikitazama vichaka vikipita, nikarudi katika mwaka ule niliokaa na mti huo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikingoja nafasi ya chuo nyumbani milimani. Mambo ya nani alimzaa nani hayatusaidii hapa. Inatosha kusema kwamba Shangazi alihitaji mikono, na mimi nilikuwa na miwili isiyo na kazi. Alikuwa mjamzito. Alikuwa amepoteza mimba zote za kabla ya hiyo, moja baada ya nyingine, na daktari alikuwa amemwambia kwamba safari hii alale kitandani, asiinue hata ndoo. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Birikani, vyumba viwili na jiko la mabati lililojengwa uani. Chumba kimoja kilikuwa chao. Cha pili kilikuwa sebule mchana na changu usiku, nikilala kati ya gunia la mahindi na baiskeli ya mume wake, Anko Mwadime, aliyefanya kazi ya kukarabati reli. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka kwa joto hadi zikaachana. Mtu akipiga chafya upande ule, wewe upande huu unasema pole. Jioni nilipika kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe kama tulivyozoea kwetu, na Shangazi alikula akiwa ameegemea mito miwili, akinisahihisha: chumvi imezidi, umeponda kivivu, mama yako hakukufundisha? Jirani yetu, Mama Nzuki, Mkamba aliyekuja Voi kuuza mboga na hakuondoka tena, alitupitishia muthokoi juu ya ua, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na kila mara alisema kwamba amepika chakula kingi kwa bahati mbaya. Sijawahi kumwona mtu mwenye bahati mbaya namna hiyo.

Katika nyumba ile mimba haikutajwa. Sikuambiwa nisiitaje, niliona tu kwamba hakuna anayeitaja. Hapakuwa na kitambaa kilichonunuliwa, hapakuwa na jina lililofikiriwa, na mwanamke yeyote aliyepita kusalimia alitazama tumbo la Shangazi kwa pembe ya jicho, akaongea habari za bei ya nyanya. Walikuwa wamefurahi mapema mara nyingine, wakaona matokeo yake. Kilichotajwa kilikuwa mti. Anko Mwadime aliuleta ndani ya debe, akiwa ameupakata magotini tangu Wundanyi, siku chache baada ya Shangazi kuambiwa ana mimba. Ulikuwa mche wa araukaria usiofika kiunoni mwangu. Matawi yake yalitoka kwa ngazi, kila ngazi juu ya nyingine kama rafu za vyombo, na kule juu kulikuwa na kichwa kimoja kilichonyooka. Voi watu waliuita mti wa Krismasi. Yeye alipenda ile mikubwa iliyo kwenye ua wa kanisa kule milimani na alitaka, alisema, kitu cha kijani ambacho Shangazi ataona dirishani akiwa amelala. Wote tulijua kwamba haukuwa mti wa Voi. Voi ni vumbi jekundu na jua linalogonga mabati. Lakini mtu akishaleta kitu magotini kwa upendo namna hiyo, utamwambia nini? Kwa hiyo majirani, wakishindwa kuuliza lile walilotaka kuuliza, waliuliza, "Mti unaendeleaje, Mama?" na Shangazi alijibu, "Haujambo, tunamshukuru Mungu."

Anko alizaliwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, mahali ambapo mkulima huhesabu mawingu kabla ya mbegu, na alijua kupanda pakavu. Alichimba shimo pana, akalitandika gunia la nailoni chini na kando, akajaza udongo na samadi, ndipo akapanda. "Hapa maji haiendi popote," aliniambia akipiga udongo kwa kiganja, ameridhika kabisa. "Ukiweka kikombe, mti inakunywa kikombe." Kwao walikuwa wakipanda hivyo mipapai, na mipapai ilizaa. Mimi nilimshikia mche usimame wima, na Shangazi akatusimamia kutoka dirishani, akisema umeinama kushoto, sasa umeinama kulia, nyinyi wawili ndio mmeinama. Hayo yalikuwa mwezi wa Mei, wakati bado tulikuwa tukitumaini kwamba mvua itanyesha.

Haikunyesha. Mabomba yalikuwa yakikohoa hewa tu. Maji tuliyapata kwa wenye mikokoteni, mitungi ya plastiki ya manjano, na kila tone lilikuwa na kazi mbili au tatu kabla ya kuachiliwa: maji ya kuoshea mchele yalioshea vyombo, na ya vyombo yalimwagwa mlangoni kutuliza vumbi. Tembo walikuwa wakisogea hadi kwenye nyumba za mwisho za mji kutafuta matangi. Jioni moja katika kiangazi kile, nikikunja nguo kando ya baiskeli, nilimsikia Shangazi akisema nyuma ya mbao, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia mbele yangu, "Mwadime, mti ukishika, na huyu atakaa." Anko akasema, "Utashika." Mimi nikabaki na shati mkononi. Nilikuwa msichana aliyesoma, nilikuwa nimefundishwa biolojia, na nilijua vizuri kwamba mti na mimba havijuani. Lakini maneno yale yaliniingia kama mwiba, nikaanza kuuogopa mti ule kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Nilimwona Shangazi kila siku akitazama dirishani, na nikaamua kwamba, liwalo na liwe, mti hautakauka nikiwa pale.

Tangu hapo nikawa nauibia maji. Anko akishaondoka kazini na Shangazi akiwa amegeukia ukuta, nilichukua maji ya mchele badala ya kuyaweka kando, nikayapeleka kwenye mti. Vyombo nilivisugua kwa majivu. Nilimnong'oneza Mama Nzuki juu ya ua yale niliyoyasikia, maana siri ikikaa na mtu mmoja inamla, naye akatikisa kichwa, akasema, "Maskini. Wee nyamaza tu." Nikanyamaza. Kilichonishangaza ni kwamba asubuhi nyingi nilikuta udongo wa pale chini una unyevu tayari, na nikajiambia kwamba ni umande. Umande, Voi, katika kiangazi kile! Lakini nilitaka kuamini, na anayetaka kuamini haulizi maswali mengi.

Mti ukaanza kugeuka rangi. Ngazi ya chini kabisa ilipata umanjano, kisha ikawa kahawia, kisha ikalegea. Halafu ya pili. Nikaongeza maji. Siku nyingine nilitoa kwenye mtungi wa kunywa wenyewe, nikamwambia Shangazi kwamba mwenye mkokoteni ametupunja. Kila ngazi iliyokufa ilipanda juu kidogo zaidi kuelekea dirisha, na tumbo la Shangazi nalo likazidi kukua, na mimi nikaishi katikati ya hayo mawili nikiwa sina usingizi. Wakati wa kula tuliongea sana, kwa furaha ya uongo, kuhusu kila kitu isipokuwa kile kilichoonekana wazi dirishani. Anko alisifu kimanga changu kibaya. Shangazi alisema hali ya hewa inabadilika. Niliapa moyoni kwamba nikizeeka sitaishi katika nyumba ambayo watu hawaulizani mambo.

Ikafika Desemba. Asubuhi moja Shangazi aliniita kwa jina langu mara mbili, bila kelele, na nilipoingia alikuwa ameshika kando ya kitanda na kitenge chake kilikuwa na damu. Wakati wake ulikuwa haujatimia. Mama Nzuki alitafuta gari la mtu wa mboga, wakampakia, Anko akafuata kwa baiskeli, na mimi nikaachwa nyumbani nipange vitu vya kupeleka hospitali. Sikupanga kitu. Nilichukua sufuria, nikaijaza maji safi hadi ukingoni, nikaenda kwenye mti, maana sikujua pengine pa kwenda na hofu ile. Nikausemesha kwa sauti. "Shika basi," nikauambia. "Shika, tafadhali, usituue." Nilipoinua macho, Anko Mwadime alikuwa amerudi kuchukua blanketi, naye alikuwa amesimama getini akiwa na mtungi mdogo alioufunga nyuma ya baiskeli, ule aliojazia kazini. Na juu ya ua kulikuwa na Mama Nzuki na karai lake. Tukatazamana, watu watatu, vyombo vitatu vya maji.

"Wewe pia?" Anko akaniuliza.

"Kila asubuhi," nikasema. "Na wewe?"

"Mimi kabla ya jua kutoka." Akamgeukia Mama Nzuki. "Mama?"

"Mimi mchana, nikimaliza kufua," Mama Nzuki akasema. "Nilisema nyinyi mmesahau."

Anko akaweka baiskeli chini bila kuiegemeza popote. Akachukua jembe, akapiga kando ya mti mara moja, na likazama kwa sauti ya kunyonya. Harufu iliyotoka ilikuwa ya bwawa. Shimo lake la Makwasinyi, lililotandikwa ili tone lisipotee, lilikuwa limejaa tope jeusi. Mama Nzuki akapiga makofi, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Katika hii Voi!" akasema. "Watu wanalilia maji, na hapa mti unakufa maji!" Sisi wawili hatukucheka. Tulipiga magoti, tukachimba kando kwa mikono, Anko akalipasua lile gunia kwa kisu pande zote alizoweza kufikia, na tope likaanza kutoka polepole kwenye mfereji tulioukata kuelekea barabarani. Mama Nzuki akaleta mchanga wa mtoni aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kusakafia choo chake, akaumwaga wote pale bila kuombwa. Halafu Anko akanawa mikono kwa maji ya mtungi wake, akachukua blanketi, akarudi hospitali.

Nilimngoja siku nzima. Nakumbuka niliosha sufuria zile zile mara nyingi, na nakumbuka niliuchukia mti. Kilikuwa kimebaki kichwa na ngazi chache za juu zenye rangi ya kijani. Chini kote ilikuwa kahawia tupu. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya milima nilipoisikia baiskeli. Alikuwa akiisukuma, hakuwa ameipanda, na nilipoona anaisukuma nikaiweka sufuria chini. Alifika mlangoni, akasimama, akajaribu kusema, akashindwa. Mama Nzuki akamfokea juu ya ua, "Mwadime, sema!" Akasema, "Amelia." Tukadhani ni Shangazi. "Mtoto," akasema. "Msichana. Mdogo kama mkate, lakini amelia, hospitali nzima imesikia." Na Mshai? Mshai ameomba chai. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Hadi leo sijapata tena furaha iliyo nyepesi namna ile, kama mzigo ulioshushwa kichwani baada ya kupanda mlima, shingo inabaki kama si yako.

Walikaa hospitali hadi mtoto apate nguvu, na hapo ndipo mimi na Anko tulipopata wazimu wa pili. Tuliogopa Shangazi atarudi, aone mti umekauka nusu, na ashtuke akiwa bado dhaifu. Ilikuwa karibu Krismasi. Tukanunua pamba mafungu kwa mafungu, baluni na karatasi za kung'aa, tukaufunika mti ule kutoka chini hadi pale kijani kilipoanzia. Ulionekana kama mgonjwa aliyefungwa bandeji na jamaa zake. Shangazi aliposhuka kwenye gari na Wawuda kifuani, alisimama mbele ya mti akautazama muda mrefu. "Huu mti," Shangazi akasema, "mbona mmeuzika kabla haujafa?"

Tukamweleza yote, tukiingiliana maneno. Alisikiliza, akaketi kwenye kigoda, akamfunua mtoto uso. Ndipo akasema kwamba tangu siku mtoto alipomrushia teke la kwanza, habari ya mti ilimtoka kichwani. Maneno yale niliyoyasikia nyuma ya mbao alikuwa ameyasema kwa ajili ya Anko. "Wewe ndiye ulileta mti magotini kama mtoto," akamwambia. "Nikaona umeweka roho yako hapo. Nikasema nikupe moyo." Anko akasema kwamba yeye alidhani ni Shangazi anayeamini, ndiyo maana alibeba maji kutoka kazini. Shangazi akatazama chini. "Hata mimi niliumwagilia," akasema. "Wakio akienda sokoni. Maji ya kuoga. Ili wewe, Mwadime, usivunjike moyo." Basi tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa akimwagilia imani ya mwenzake. Tangu mwaka ule, nikitaka kumsaidia mtu humuuliza kwanza anataka nini, na watu huniona mkavu. Afadhali ukavu.

Mti haukufa. Uliangusha matawi yote ya chini, na hayakuota tena, kwa hiyo kadiri ulivyokua ulibaki na mguu mrefu mtupu ambao Shangazi alifungia kamba ya nguo, na juu kabisa mwavuli wa kijani ulioonekana tangu barabara kuu. Anko aliupenda hadi alipofariki, miaka kadhaa iliyopita.

Sasa nilipofika getini niliukuta umelala, na mizizi iliyong'oka imesimama hewani, na katikati ya mizizi kulikuwa na vipande vya nailoni ya gunia lake. Nilivigusa, na machozi yakanitoka kidogo. Mimi na Wawuda tulikaa jioni nzima tukitunga namna ya kumwambia mama yake, na kesho yake mchana Shangazi akashuka getini kutoka kwenye bodaboda, mkungu wa ndizi mkononi, na maneno yetu yote yakapotea. Alitazama. "Haya," akasema. "Umechoka." Akapita, akakaa juu ya shina kama mtu anayekaa kwenye kochi lake.

Wawuda akaangua kilio. Mwanamke mzima anayewauzia madereva wa malori vipuri kule Maungu na hakuna dereva anayemtisha, alilia kama mtoto. "Mama, nilikuwa naimwagilia," akasema. "Kila Jumamosi nikitoka Maungu, ukiwa umelala. Tangu baba aende. Nilisema hii mti ya baba ikikauka, na wewe utamfuata."

Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama. Nilijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi, lakini alianza yeye, na tukacheka vibaya sana, tukishikana mabega, na Wawuda akituangalia kama tumerukwa na akili. Hakuwa amewahi kuambiwa. Shangazi akamsimulia pale pale juu ya shina: gunia, sufuria, karai la Mama Nzuki, pamba. Wawuda akafuta pua. "Kwa hivyo mimi nilikuwa mti?"

"Hukuwa mti hata siku moja," Shangazi akasema. "Na mimi si mti. Niliacha kuumwagilia siku tuliyomzika baba yako. Nikawa naona udongo mbichi asubuhi za Jumapili, nikasema labda ni umande." Akapangusa vumbi miguuni, akatutazama mmoja mmoja. "Miaka yote hii watu wa nyumba hii wanamwaga maji chini kwa ajili yangu. Leo nimeshuka mlima na hili jua, nimekaa hapa, na hakuna mtu ameuliza kama nina kiu."

Wawuda akakimbia ndani, akarudi na glasi imejaa. Shangazi akainywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa ncha ya leso yake, akamrudishia.

"Leta ingine," akasema.